Ganda, Sumaku na Mkunjo: Sarafu za Kiinimacho Zinavyokaa Mkononi

Sarafu iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya kiinimacho kwa kawaida husifiwa kwa siri yake. Muuzaji ataeleza jinsi inavyofunguka, inavyoimeza sarafu nyingine au inavyogeuka kutoka nyeupe kuwa ya shaba, na mnunuzi hutoa fedha akiwa amevutiwa na akili iliyotumika kuibuni. Mimi, ambaye nimekuwa nikifanya mazingaombwe ya sarafu katika sherehe na shule za Mbeya, Iringa na Njombe kwa miaka kadhaa, nimezoea kuzipima kwa mambo ambayo wauzaji huyataja mara chache: uzito wake kiganjani, mlio wake inapogongana na sarafu nyingine, na namna ukingo wake unavyopokea ncha ya kidole. Mtazamaji haioni siri iliyo ndani ya chuma, lakini mlio anausikia, na vidole vinavyosita anaviona hata akiwa amekaa kiti cha nyuma kabisa.

Ninazozilinganisha hapa ni aina nne: ganda, sarafu ya nyuso mbili, sarafu ya sumaku na sarafu ya kukunja. Baadhi niliziagiza nje, nyingi zikiwa zimetengenezwa kwa nusu dola ya Marekani, na baadhi nilichongewa hapa Mbeya na fundi wa kukereza vyuma kwa kutumia shilingi za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye simba na milima upande mmoja na kichwa cha mfalme wa Uingereza upande wa pili. Anayependa kubaki mtazamaji na kuufurahia mchezo bila kujua undani wake ni vyema aishie hapa, kwa sababu mbele yake kuna mambo ya jikoni.

Kwanza nieleze kwa nini shilingi za zamani. Sheria za nchi yetu zinakataza kuharibu noti na sarafu ambazo ni fedha halali, na fundi anayejiheshimu hatakubali kuifunga sarafu ya shilingi 500 kwenye mashine yake na kuichimba. Shilingi ya Afrika Mashariki iliondoka kwenye mzunguko wetu baada ya Tanzania kuanza kutoa shilingi yake yenyewe mwaka 1966, kwa hiyo kuikereza hakumkoseshi mtu usingizi. Zilizotolewa hadi mwaka 1946 zina robo ya madini ya fedha, na zile za mwaka 1948 hadi 1952 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Upana wake ni karibu milimita 28 na uzito wake haufiki gramu 8. Nusu dola ni kubwa zaidi, yaani milimita 30.6 na, kwa zile za sasa, gramu 11.34, nayo ina historia inayofanana: zile za mwaka 1964 zina asilimia 90 ya fedha, za mwaka 1965 hadi 1970 zina asilimia 40, na zilizotolewa kwa ajili ya matumizi ya kawaida tangu mwaka 1971 hazina fedha kabisa. Ninazitaja takwimu hizi kwa sababu zinabadilisha mlio, na kwenye ganda mlio ndio kila kitu.

Ganda ni sarafu iliyochimbwa kutoka upande mmoja mpaka ukabaki uso mmoja tu pamoja na ukuta mwembamba wa ukingoni, ili liweze kuifunika sarafu nzima kama kifuniko kinavyofunika sufuria. Likiwa limefunika, mtazamaji huona sarafu moja. Likivuliwa, huona mbili. Kutokana na jambo hilo dogo unaweza kuzifanya sarafu tatu kuwa nne, kuzipitisha moja moja kwenye meza, au kuipoteza moja mbele ya macho ya watu bila kuisogeza popote. Mkono ukiwa na ganda zuri, hakuna mchezo wa sarafu usioweza kuurahisisha.

Hata hivyo kuna maganda, na kuna maganda. Tofauti kubwa iko katika namna sarafu ya ndani inavyopata nafasi. Njia ya kwanza, ambayo watengenezaji wazuri wa nje huitumia, ni kulitanua ganda lenyewe kwa shinikizo ili upana wake wa ndani uzidi upana wa sarafu ya kawaida. Njia ya pili, ambayo fundi wangu aliweza kuifanya kwa mashine aliyonayo, ni kuliacha ganda na upana wake wa asili na kuipunguza sarafu ya ndani. Ukiziweka mezani, si rahisi kuzitofautisha. Ukizishika, ni kazi mbili tofauti kabisa. Kwa ganda lililotanuliwa, sarafu ya ndani ni sarafu halisi isiyoguswa na chombo chochote, yenye meno yake yote ukingoni, na unaweza kumkabidhi mtazamaji aichunguze mpaka aridhike. Kwa ganda lisilotanuliwa, sarafu iliyopunguzwa imepoteza meno yake au imechongewa mengine, na kwa kuwa imepungua upana, haishikiki vizuri inapofichwa kiganjani: misuli ya kidole gumba imezoea kubana upana fulani, na ukipungua hata kidogo sarafu huanza kuteleza kuelekea kifundo cha mkono. Mtazamaji hawezi kuuona upungufu huo, lakini mkono unaujua.

Kwa upande mwingine, ganda lililotanuliwa lina udhaifu wake. Meno ya ukingoni hutanuka pamoja na ukuta na kuwa mapana kidogo kuliko ya sarafu zilizo jirani, na uso wake huzidi upana wa nyingine kwa kiasi ambacho jicho kali linaweza kukiona ikiwa sarafu zitapangwa kwa mstari na kuachwa hapo muda mrefu. Kwa hiyo ganda la aina hii halipangwi mwishoni mwa mstari, na wala haliachwi juu ya kitambaa cheupe chini ya taa kali za ukumbini. Lile lisilotanuliwa linaweza kukaa popote, kwa kuwa kwa nje halina tofauti yoyote na shilingi ya kawaida. Nikilazimika kuchagua, nachagua lililotanuliwa, kwa sababu watazamaji wa huku hawaulizi kama sarafu zinalingana, wanasema, "Kaka, hebu nipe niishike."

Kipimo ninachokitumia kwa ganda lolote ni rahisi. Ninaingiza sarafu ndani yake, ninageuza mdomo wake ukaelekea chini juu ya kiganja, kisha ninasubiri. Sarafu inapaswa kudondoka kwa uzito wake wenyewe, bila kutikiswa. Ikikwama, ganda limebana mno, na siku moja litakwama mbele ya watu. Halafu ninairudisha, ninazishika zote mbili kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na kutikisa taratibu karibu na sikio: nikisikia kugongagonga, nafasi imezidi. Ganda zuri liko kati ya hali hizo mbili, na nafasi yenyewe ni ndogo kiasi kwamba punje ya vumbi inatosha kuiharibu. Vumbi la kiangazi, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye kola ya shati, ni adui mkubwa wa maganda kuliko kutu. Ninayaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ninayakausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na situmii mafuta ya aina yoyote kwa sababu mafuta hukusanya vumbi jingine na kuzigandisha sarafu mbili zilizolaliana.

Kuhusu mlio, ganda tupu likigonga sarafu hutoa sauti nyembamba ya juu, kama wembamba wake unavyodai, ilhali sarafu mbili nzima hutoa sauti nzito inayodumu. Sikio lisilofunzwa halitambui tofauti hiyo mpaka lisikie zote mbili mfululizo, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu kuhesabu sarafu kwa kuzidondosha moja moja ndiko kusikia mfululizo. Maganda yaliyotokana na sarafu zenye fedha ndani yake yanaimba vizuri zaidi. Ganda langu la shilingi ya kabla ya mwaka 1946 linakaribiana sana na mlio wa shilingi nzima, na sarafu zenyewe, kwa kuwa zimelika kwa miaka mingi ya kupita mikononi, huteleza juu ya nyingine kimya kimya. Lile la mchanganyiko wa shaba na nikeli ni gumu zaidi na halipindi hovyo, lakini hulia kwa ukali. Nusu dola za miaka ya karibuni zina mlio uliofifia tangu zikiwa nzima, kwa hiyo ganda lake halijitengi sana na wenzake. Huo ni unafuu ambao sikuutarajia kutoka kwenye sarafu isiyo na fedha.

Baridi inastahili kutajwa, kwani wasomaji wa Dar es Salaam hawataelewa ninachokisema hapa. Mwezi wa Juni na wa Julai, Mbeya, Makambako na Njombe vidole hukauka na kukakamaa, na sarafu hudondoka kutoka sehemu ambazo mwezi Machi ilikuwa inakaa bila kufikiriwa. Nimewahi kusikia wenzangu wakisema kwamba baridi hubana ganda. Sivyo. Hata joto likishuka kwa nyuzi 15, sarafu ya milimita 28 hupungua kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya mia ya milimita, na ganda hupungua pamoja nayo. Kinachobadilika ni ngozi. Ngozi kavu haina mshiko, na shilingi nyepesi huhitaji mshiko zaidi kuliko nusu dola, ambayo uzito wake huisaidia kukaa. Ninapaka glisirini kidogo iliyochanganywa na maji muda mrefu kabla ya kuanza, na mafuta ya mgando siyakaribii siku ya kazi kwa kuwa huacha alama za vidole kwenye uso wa chuma na kuifanya sarafu iteleze. Kwa majira ya baridi nusu dola inaishinda shilingi waziwazi. Kwa miezi mingine napendelea shilingi, ambayo huenea vizuri kwenye kiganja cha ukubwa wa kawaida. Dola ya zamani ya fedha, yenye milimita 38.1, inaonekana vizuri jukwaani lakini nawaachia wenye mikono mikubwa.

Sarafu ya nyuso mbili hutengenezwa kwa kuchukua sarafu mbili za rangi tofauti, kuzipunguza unene kwa nusu, na kuziunganisha mgongo kwa mgongo. Ikishikwa mkononi ndiyo isiyo na usumbufu kuliko zote: haina sehemu inayosogea, haikwami, na uzito wake uko karibu na wa sarafu ya kawaida. Ubora wake unajulikana kwa kuidondosha juu ya meza ya mbao. Ikiwa risasi ya kuunganishia imeenea kote, italia kama sarafu; ikiwa imebaki nafasi ya hewa katikati, italia kama kipande cha bati, na hakuna marekebisho. Jambo la kuangalia ni mstari wa maungio ukingoni, ambapo weupe na wekundu hukutana, kwa hiyo haionyeshwi kwa ubavu.

Hapa sarafu zetu zinaniangusha, na ninalisema kwa masikitiko. Senti za shaba za Afrika Mashariki, zile zilizokuwa zikitungwa kwenye kamba, zina tundu katikati, na tundu halikubali kuunganishwa na uso wa shilingi: ama weupe uchungulie katikati ya shaba, ama utoboe na shilingi pia. Ndiyo maana kwa kazi ya nyuso mbili bado natumia muungano wa nusu dola na peni ya zamani ya Uingereza, iliyoacha kutumika mwaka 1971. Peni hiyo ina upana wa takriban milimita 31 na nusu dola ina milimita 30.6, ukaribu ambao hauhitaji kazi kubwa ya kuzilinganisha. Bahati hiyo ya vipimo imewafaa wanamazingaombwe wengi wa Ulaya na Marekani, na ni vigumu kuipata tena kwenye sarafu za mahali pengine. Senti ya tundu nimeibakizia kazi yake ya haki, yaani kuchomoka kwenye utepe ulioshikwa na watoto wawili pande zote, na katika hilo haina mpinzani.

Sarafu ya sumaku ndiyo inayowavutia vijana wanaoanza, nami ndiyo ninayoishauri mwisho. Matumizi ya sumaku katika mazingaombwe si mapya; mwaka 1856 mwanamazingaombwe Mfaransa Robert-Houdin alitumia sumaku ya umeme nchini Algeria kulifanya sanduku jepesi lisiinuliwe na mtu mwenye nguvu. Sumaku ndogo za siku hizi za neodimiamu, zilizoanza kupatikana miaka ya 1980, zina nguvu kubwa kwa unene mdogo, na zinaingia ndani ya sarafu bila kuonekana. Tatizo lake hapa kwetu ni mfuko wa suruali. Sarafu yetu ya shilingi 500 ni chuma kilichopakwa nikeli, na ile ya 100 nayo ina chuma ndani, kwa hiyo sarafu ya sumaku ikiingia mfukoni inatoka na chenji ya bajaji imeing'ang'ania. Inahitaji mfuko wake peke yake. Tena inapokutana na nyingine hujifunga kwa kishindo, na kishindo hicho si mlio ambao sarafu ya kawaida inaweza kuutoa.

Lakini jambo hilohilo lina upande wake mzuri. Kwa kuwa sarafu ya 500 inavutwa na sumaku ikiwa nzima, haina haja ya kuchongwa. Pete yenye sumaku, au sumaku iliyoshonwa kwenye mkono wa koti, inatosha kuisogeza au kuishikilia, na sarafu yenyewe ni ya mtazamaji, imetoka kwenye pochi yake, na inarudi kwake ikiwa haina hata mkwaruzo. Ile ya 200 haivutwi na sumaku yangu kabisa, hivyo ukiziweka pamoja unapata tofauti ambayo watu wengi wanaozishika kila siku hawajawahi kuigundua. Nadhani hapo ndipo mazingaombwe ya sumaku ya Kitanzania yanapopaswa kuanzia, kuliko kuagiza nje sarafu ambayo mama muuza nyanya hajawahi kuiona.

Sarafu ya kukunja nitaieleza kwa ufupi. Imekatwa vipande vitatu vinavyoshikiliwa na mpira mwembamba uliolala kwenye mfereji wa ukingoni, hivyo hukunjika, hupita kwenye mdomo wa chupa ya soda na kujifungua ndani yake. Ni tukio moja zuri sana, na baada ya hapo sarafu hiyo haina kazi. Mlio wake ni butu, mikato yake huonekana kwa karibu, na mpira hukauka na kupasuka, kwa hiyo ubadilishwe kabla haujadai. Ninaitumia mwishoni mwa onyesho, kwa watoto, watazamaji wakiwa hatua chache mbele yangu.

Ulinganisho huu wote ungekuwa wa chuma tupu kama nisingetaja watazamaji wenyewe. Katika masoko yetu kuna imani ya chuma ulete, kwamba mtu anaweza kukupa fedha yake na fedha hiyo ikaondoka na mauzo yako yote, na anayecheza na sarafu mbele ya meza ya mfanyabiashara lazima aiheshimu hofu hiyo hata kama yeye haiamini. Pale Mwanjelwa, mama mmoja aliyekuwa akipanga viazi mafungu mafungu aliniona nikiipoteza shilingi, akafunika kikopo chake cha chenji kwa kanga, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo hela yako usiilaze hapa." Nilimwonyesha upande wa simba. Aliichukua, akaisogeza karibu na macho, akasema baba yake alikuwa na kopo la shilingi kama hizo, na baada ya hapo akaniruhusu kuendelea. Ile aliyoishika ilikuwa sarafu ya ndani, iliyotoka kwenye ganda lililotanuliwa. Kwa lile lisilotanuliwa nisingethubutu kumpa, na kwa nusu dola asingekuwa na la kukumbuka. Tangu hapo, sokoni ninatumia shilingi za simba tu, wala siazimi fedha ya mtu aliye kwenye biashara yake.

Anayetaka kuchongewa seti yake ampelekee fundi shilingi tano za umri mmoja na uchakavu mmoja, ili ganda na wenzake watokane na familia moja. Achimbe upande wa mfalme na kuuacha wa simba, kwa sababu simba na milima huonekana kwa mbali kuliko kichwa kilicholika. Ukuta wa ukingoni aupunguze kidogo kidogo huku akijaribu sarafu kila hatua, maana kilichokwisha kuondolewa hakirudi, na makali ya mdomo ayaondoe kwa msasa laini sana ili yasikwaruze kidole wala kunasa kwenye kitambaa. Mwisho asizing'arishe. Mafundi wengi hung'arisha kazi yao kwa nia njema, na ganda linalometameta katikati ya shilingi nne zilizofifia litahitaji miezi ya kukaa mfukoni na nyenzake kabla halijafaa kuonyeshwa.